Makaroni ya furu na nyama ya kusaga: yakiharibika, anza kutafuta hapa

Makaroni ya furu yakitoka mabaya, lawama zote hubebeshwa furu, yaani oveni. Mara haina joto, mara imeunguza, mara furu za siku hizi si kama za zamani. Mimi naona furu inaonewa. Chakula hiki huingia ndani kikiwa kimekwisha kuiva: nyama imeiva, mchuzi umeiva, makaroni yamebakiza kidogo tu. Kazi ya furu ni kuviunganisha na kukausha juu. Kwa hiyo kosa lako, mara nyingi, lilifanyika nusu saa kabla, jikoni, kwenye sufuria.

Ili tuzungumzie kitu kimoja, vipimo vya watu sita ni hivi: gramu 400 za makaroni, nusu kilo ya nyama ya ng'ombe iliyosagwa, vitunguu viwili, nyanya mbivu sita au kopo la gramu 70 la nyanya nzito na kikombe cha maji, bua la seleri, kipande cha poaro (liki), lita 3/4 ya maziwa, gramu 50 za siagi au margarini, gramu 50 za unga wa ngano (vijiko sita vya supu vilivyosawazishwa), na gramu 200 za jibini. Nyama unaipika na nyanya, maziwa na unga unavigeuza mchuzi mweupe, makaroni unayachemsha, unachanganya vyote bakulini, jibini juu, furu nyuzi 200, dakika 25. Mtu aliyerudi kutoka kazini saa kumi na mbili anaweza kuwa mezani saa moja na robo bila kukimbia.

Makaroni yamekuwa uji

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tuko juu, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Yanatokota vilevile na mvuke unapanda vilevile, ila joto lake ni pungufu, na kuongeza makala, yaani makaa ya kupikia, hakusaidii. Maji yatakauka upesi tu. Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti huhesabiwa kwa maji ya nyuzi 100. Kwa makaroni ya kula moja kwa moja, mtu wa Goma huongeza dakika moja au mbili.

Lakini haya hatuyali moja kwa moja. Yakishaingia kwenye mchuzi yataendelea kunywa na kulainika kwa dakika 25 nyingine, kwa hiyo lazima yatoke majini kabla hayajamaliza. Hapo hesabu mbili zinakutana: dakika unazoongeza kwa sababu ya mlima na dakika unazopunguza kwa sababu ya furu zinakaribia kufutana. Pakiti ikisema 9, anza kuonja ya 7, yatoe ya 8 au hiyohiyo ya 9. Ng'ata moja ulitazame: katikati kuwe na kidoti cheupe, na jino likute ubishi kidogo. Binamu yako wa Dar es Salaam akikuambia yeye huyatoa ya 6, anasema kweli, ila ni kweli ya kwake, ya pwani.

Umefuata saa na bado yamelainika? Geuza pakiti usome. Makaroni mazuri ya furu ni ya ngano ngumu. Kwenye pakiti za Kifaransa wameandika *blé dur*. Yale ya bei ya chini mara nyingi ni ya ngano laini, na utayajua hata bila kusoma kwa sababu maji yake hugeuka meupe kama maji ya kuoshea mchele. Si mabaya, kwenye supu yanafaa kabisa. Kwa furu yatoe mapema zaidi, hata ya 5 au ya 6, na uyachanganye na mchuzi papo hapo.

Yakishikana mabonge, maji yalikuwa machache au hayakuwa yanatokota ulipoyatia. Gramu 400 zinataka lita nne, zikikosekana tatu, na ukoroge dakika mbili za kwanza. Ukishayachuja usiyaoshe. Ule utelezi wa unga unaobaki juu yake ndio unaoushika mchuzi. Ukiuosha, mchuzi unateleza na kwenda kulala chini. Kama mchuzi haujawa tayari, yapake kijiko cha mafuta yasubiri.

Wapo wanaotia makaroni mabichi kwenye bakuli, wanaongeza karibu lita moja ya maji au supu kwenye mchuzi, wanafunika vizuri na kuacha dakika 40 au zaidi. Inawezekana, na inaokoa sufuria moja na makala. Siipendi kwa mji wetu. Ukifanya hivyo umeipa furu kazi halisi ya kupika, na siku umeme ukiondoka dakika ya kumi utabaki na makaroni mabichi ndani ya maji ya uvuguvugu.

Maji yamesimama chini ya bakuli

Kabla ya kurekebisha, chota yale maji kwa kijiko uyatazame. Rangi yake inakuonyesha yalikotoka.

Yakiwa mekundu na mepesi, ni nyanya. Nyanya mbichi zina maji mengi, hasa zile kubwa laini za msimu wa mvua, na ukiziacha zichemke dakika tano tu utakuwa umezipasha moto, hujazipika. Acha sufuria wazi. Mchuzi uko tayari pale unapoburuta mwiko chini ya sufuria na njia yake inabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga. Ikijifunga palepale, bado.

Yakiwa meupe au hayana rangi, yametoka kwenye makaroni. Yale ya mrija huficha maji tumboni, na kuyamimina kwenye chujio mara moja hakutoshi. Yarushe, yageuze, yaache dakika moja. Mboga nazo huchangia. Pilipili tamu, poaro na kabichi zikitiwa mbichi zitatoa maji yake ndani ya furu, mahali ambapo hayana pa kwenda. Zikaange kwanza pamoja na kitunguu.

Yakiwa ya njano na yanang'aa, hayo ni mafuta. Soma sehemu ya nyama na ya jibini.

Na kuna bakuli ambalo halina kosa lolote ila limekatwa mapema. Likitoka kwenye furu mchuzi bado ni mwepesi kwa sababu ya joto, unakaza ukipoa. Dakika kumi za kusubiri, hata kumi na tano. Najua watoto wameshashika vijiko.

Nyama ni ya kijivu, ngumu, haina ladha

Hili ni kosa la sufuria ndogo. Nusu kilo ya nyama baridi ukiitia kwa mkupuo mmoja, inatoa maji mengi kuliko moto unavyoweza kuyakausha, na kuanzia hapo inachemka kwenye maji yake. Nyama inayochemka haivuki zile nyuzi 95. Ile rangi ya kahawia na harufu inayomfanya jirani aulize mnapika nini huanza karibu na nyuzi 140, na haiwezi kuanza maji yakiwa bado yapo.

Tumia sufuria pana. Washa moto mkali, tia mafuta, kisha nusu ya nyama. Itandaze halafu uiache. Usikoroge kama unakoroga sombe, yale majani ya muhogo. Upande wa chini ukishapata rangi ndipo uigeuze na kuivunjavunja kwa uma. Toa, tia nusu ya pili. Ikiwa umeshaitia yote na maji yameshafurika, usikate tamaa: acha wazi, moto uleule, ngoja maji yaishe, utasikia mlio unabadilika kutoka kutokota kwenda kukaanga. Hapo ndipo kitunguu na seleri viingie. Chumvi ya mwanzo huharakisha kutoa maji, iache hadi rangi ipatikane.

Ugumu ni jambo lingine. Nyama yetu nyingi ni ya ng'ombe waliokula majani na kutembea milima, haina mafuta mengi. Kwenye bucha sema wazi: "Papa, nisagie ya begani, acha mafuta kidogo, upitishe mara mbili kwenye mashine." Ya begani au ya shingo ni bora hapa kuliko steki, ambayo ikisagwa inakuwa makombo makavu. Na baada ya kukaanga ipe muda: ikae na nyanya kwenye moto mdogo dakika 20, ukiongeza maji kidogo ikikauka. Ikiwa na mafuta mengi kupita kiasi, inamisha sufuria, uyachote yale ya ziada kabla ya kutia nyanya.

Ukali wa nyanya unaokwaruza ulimi hutoka kwenye nyanya ya kopo iliyotiwa na maji yake palepale. Ikaange kwanza kwenye mafuta, peke yake pembeni mwa sufuria, hadi rangi iwe nyekundu ya kukolea karibu na kahawia. Ukali ukibaki, karoti moja iliyokunwa inatosha.

Jambo moja la usalama ambalo halina mjadala. Nyama iliyosagwa huharibika upesi kuliko ya kipande, kwa kuwa vijidudu vilivyokuwa juu ya kipande sasa vimesambazwa ndani yote. Isagwe siku ileile ya kuipika. Isibaki nyekundu mahali popote. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 71.

Mchuzi mweupe umekataa

Ukiwa na vidonge, maziwa yaliingia kwa haraka. Yeyusha siagi, tia unga, koroga dakika mbili kwenye moto mdogo bila kuacha ugeuke kahawia, kisha maziwa kidogo kidogo, ukikoroga hadi kila fungu limeze kabla ya lingine kuingia. Baada ya theluthi ya kwanza unaweza kumimina yaliyobaki yote. Vidonge vikishatokea, pitisha mchuzi kwenye chujio la chai la chuma na ubonyeze kwa kijiko. Hakuna atakayejua.

Ukiwa na ladha ya unga mbichi, hukuuacha uchemke. Watu wengi huona umeanza kuwa mzito na kuondoa. Unga wa ngano hukaza kikamilifu karibu na kuchemka, na kwetu kuchemka kwenyewe kumeshuka hadi 95, kwa hiyo ngoja mapovu yapande, halafu uhesabu dakika tano za moto mdogo huku mwiko ukitembea.

Mchuzi ukikatika ukawa maji na chenga, angalia maziwa. Maziwa ya Masisi, eneo la wafugaji jirani na Goma, yanayofika mjini kwa bidoni (madumu) yametembea saa nyingi, na yanaweza kuwa yameanza kuchacha bila harufu kujitokeza. Yakikutana na moto yanakatika. Kwa hiyo kabla hujachafua siagi na unga, chemsha vijiko viwili kwenye kisufuria. Yakikatika, yaelekeze kwenye matumizi mengine. Yakisimama, chemsha yote kwanza, kwa sababu maziwa mabichi yasiyochemshwa hayana nafasi jikoni. Maziwa ya unga hayana tatizo hili. Yakoroge kwenye maji ya uvuguvugu kwanza, si ya moto, la sivyo yatafanya vidonge vyake mwenyewe.

Uzito wake je? Mchuzi mweupe unaoingia bakulini uwe mwepesi kuliko unavyotamani. Makaroni yatakunywa sehemu kubwa. Ukiuona "sasa uko sawa" kwenye sufuria, ongeza nusu kikombe cha maziwa.

Jibini limetoa mafuta, limekuwa kama mpira

Jibini la Masisi, yale maduara ya njano yanayouzwa mjini, ni zuri sana kwa chakula hiki, ila umri wake una maana. Lililo changa, laini ukilibonyeza kwa kidole, linayeyuka na kuvutika. Lililokaa muda mrefu, gumu na lenye ganda nene, lina ladha zaidi lakini kwenye moto linaachia mafuta upande mmoja na chenga upande mwingine. Usilitupe. Likune laini kabisa, litandaze juu kama la kuwekea rangi, na lile changa ulitie ndani.

Kosa jingine ni kulitia kwenye mchuzi unaochemka. Epua sufuria, ngoja dakika mbili, tia jibini lililokunwa kiganja baada ya kiganja. Ukiwa na zile pembetatu za La vache qui rit, tia mbili kwenye mchuzi mweupe kabla ya jibini la Masisi: zina chumvi maalumu zinazoshikanisha mafuta na maji, na mchuzi wote unatulia. Wapishi wa kujivuna watakucheka. Waache wacheke, wakija kula wataomba tena.

Juu pamebaki peupe

Hapa sasa, kwa mara ya kwanza, tuitazame furu.

Furu ya umeme hutegemea nguvu inayoingia, na jioni, mtaa mzima ukiwa unapika, nguvu hushuka. Inashuka vibaya kuliko watu wanavyodhani: umeme wa volti 220 ukishuka hadi 180, waya za furu hazipotezi sehemu ndogo, zinabaki na karibu theluthi mbili tu za joto lake. Taa ikiwa imefifia, usiiamini namba kwenye kitufe. Washa furu mapema, dakika 20 kabla, panda hadi 220 au 230, na bakuli liende safu ya juu. Dakika tano za mwisho washa waya za juu peke yake, na usiondoke.

Wakati mwingine joto lipo ila kuna mvuke. Bakuli likiwa limefunikwa hadi mwisho, jibini litachemka badala ya kukauka. Funika dakika 15 za kwanza, kisha funua. Makombo ya mkate mkavu yaliyochanganywa na kijiko cha siagi yakitandazwa juu yatapata rangi hata kwenye furu dhaifu.

Asiye na furu ana mbabula, yaani jiko la makala, na kwa maoni yangu juu panapendeza zaidi. Chukua sufuria nene ya alumini, zile zinazomiminwa na mafundi wa hapa, yenye kuzidi bakuli lako kwa upana wa kidole kila upande. Chini weka pete ya bati au kopo lililokatwa, ili bakuli lisiguse moja kwa moja. Wengine huweka mawe ya lava kwa kuwa yamejaa uani. Sishauri: lava ina matundu, ikinywa mvua hubaki na maji ndani, na jiwe lenye maji likipata moto linaweza kupasuka. Funika, kisha gawanya makala yaliyokwisha kuwaka: theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya kifuniko. Ukigeuza mgawanyo huo ndipo unapopata kile kilio cha kawaida, chini makaa na juu peupe. Usipulize wala kupepea. Kifuniko chembamba cha alumini kinaweza kutoboka moto ukizidi. Baada ya dakika 20 nyanyua kifuniko kwa koleo, pole pole, majivu yasiingie.

Mbabula iwe nje au kwenye baraza, hata mvua ikinyesha. Moshi wa makala usioonekana huua watu ndani ya nyumba iliyofungwa, na hauna harufu ya kukuonya.

Makavu, yanasimama koo

Mchuzi ulikuwa mdogo. Kabla ya furu, bakuli likitikiswa liteteme na mchuzi uonekane kati ya makaroni. Likishaiva kavu, toboa kwa kisu sehemu kadhaa, mimina nusu kikombe cha maziwa ya moto, funika, rudisha dakika tano.

Hayana ladha

Maji ya makaroni hayakuwa na chumvi. Gramu 10 kwa lita, yaani vijiko viwili vya supu kwa lita nne. Chumvi ya juu haiingii ndani tena. Ukitumia kibao cha supu kwenye nyama, punguza chumvi ya mchuzi, kwa kuwa jibini nalo linaleta yake. Pilipili iende kwenye nyama, si juu.

Umeme umeondoka katikati

Usifungue mlango. Kwa kuwa vyote viliingia vimeiva na vya moto, furu iliyofungwa itaendelea kufanya kazi dakika kumi hadi kumi na tano kwa joto lake. Washa mbabula wakati huo. Umeme usiporudi, hamishia bakuli kwenye sufuria na makala juu ya kifuniko kama hapo juu. Bakuli la kioo usilipeleke kwenye makala, tumia la chuma au alumini. Kama una kioo tu, kula hivyohivyo, peupe.

Yaliyobaki kesho yamekuwa kitu kimoja kigumu

Ni kawaida, wanga hukaza ukipoa. Kata kipande, nyunyiza vijiko viwili vya maziwa, funika, pasha moto mdogo hadi mvuke utoke katikati. Lakini yawe yaliingia kwenye frigo ndani ya saa mbili baada ya kuiva. Baridi ya usiku wa Goma inadanganya: inatufanya tuvae sweta, haitoshi kulinda nyama na maziwa hadi asubuhi. Nyumba isiyo na frigo, au yenye frigo isiyo na umeme wa uhakika, ipike nusu ya vipimo, na bakuli dogo hilo litazame kuanzia dakika ya 18.